Shajara ya mradi: 'light' ya Kiingereza kwenda Kireno cha wavuvi

Februari, giza linaanza (usiku usio na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa)

Kijitabu tunachokitafsiri kinahusu uvuvi wa dagaa kwa taa: kuandaa taa na nyavu, kuvua, kuanika, na kurudi nchi kavu ukiwa mzima. Kimeandikwa kwa Kiingereza kutokana na uzoefu wa wavuvi wa huku kwetu Ziwa Victoria, na sasa kinahitajika kwa Kireno ili kitumike Msumbiji. Mimi niko Mwanza. Kireno nilikipatia Lichinga, kaskazini mwa Msumbiji, nilikoishi nikiwa kijana. Mwenzangu yuko Metangula, mji wa wavuvi kwenye mwambao wa Msumbiji wa Ziwa Nyasa. Ukurasa ukiiva huku unakwenda kwake, naye anausoma kwa sauti mbele ya wavuvi wa kwao, halafu ananitumia ujumbe wa sauti: hapa wameelewa, hapa wamebisha, hapa wamenyamaza.

Wanaponyamaza ndipo ninapopata hofu. Kwa sensa ya Msumbiji ya mwaka 2017, takribani mtu mmoja kati ya sita ndiye mwenye Kireno kama lugha yake ya kwanza. Pale Metangula nyumbani watu huongea Kinyanja au Kiyao, na Kireno ni cha shule na cha ofisi. Msomaji akikutana na sentensi yenye maana mbili hatatuandikia kuuliza. Atashuka ziwani na ile maana aliyoipata.

Kitabu cha Mwanza kina kila sababu ya kwenda huko. Usipa wa Ziwa Nyasa huvuliwa usiku kwa taa kama dagaa wetu. Na kapenta wa bwawa la Cahora Bassa, mkoani Tete, ni jamaa zetu kabisa: ni dagaa wa Ziwa Tanganyika waliopelekwa bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968, wakashuka na maji ya mto Zambezi hadi Cahora Bassa, bwawa lililoanza kujazwa maji mwishoni mwa mwaka 1974. Yaani samaki wa Ziwa Tanganyika ametangulia, sasa maarifa ndiyo yanamfuata.

Neno linalotusumbua kuliko mengine yote ni dogo mno: 'light'. Liko karibu kila ukurasa. Mara ni taa, mara ni mwanga wa taa, mara ni kuwasha, mara ni wepesi wa mtumbwi, mara ni upepo mdogo, mara ni rangi isiyokolea, mara ni alfajiri. Tumepewa pia rasimu ya Kireno iliyotoka kwenye programu ya kutafsiri, na humo neno limevaa 'luz', yaani mwanga, hata pale ambapo hapana mwanga wowote.

Nimesoma asili yake nikapata unafuu kidogo. Kwa Kiingereza hayo yalikuwa maneno mawili tofauti ambayo leo yanaandikwa na kutamkwa sawasawa. Lile la mwanga lina undugu wa mbali na 'lux' ya Kilatini, na lile la wepesi lina undugu na 'levis'. Wajerumani hadi leo wanayatenganisha, 'Licht' na 'leicht'. Kireno, kwa kuwa kimezaliwa na Kilatini, kimeyapokea mbalimbali tangu mwanzo: 'luz' na 'leve'. Kwa hiyo Mreno hajui kabisa kwamba vitu hivi viwili vinaweza kuchanganywa, na tukimchanganyia hatatusaidia kutenganisha.

Utaratibu tuliokubaliana: kila sentensi yenye 'light' naiandika kwanza kwa Kiswahili pembeni, kama mvuvi wa Kirumba au Igombe, hapa Mwanza, angeisema. Kiswahili kikishachambua, ndipo nagusa Kireno.

Februari, katikati ya giza. Igombe

Nimeshuka mwaloni, yaani ufukoni panapotia nanga mitumbwi ya uvuvi, jioni, wavuvi wakijiandaa kutoka. Nilitaka kuziona taa zenyewe kabla ya kuzipa majina. Kila taa imekaa juu ya chelezo kidogo cha mbao, imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, na betri imewekwa ndani ya dumu la plastiki lililokatwa mdomo na kufunikwa turubai ili mawimbi yasiingie. Kijana mmoja alikuwa anafuta uso wa taa kwa kanga kuukuu, taratibu, mpaka kwenye kona. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema chumvichumvi ya jasho na magamba yaliyokauka yanakula mwanga, na dagaa hawaji kwenye mwanga mchovu.

Hapo ametamka vitu viwili, taa na mwanga, wakati Kiingereza cha kitabu kinasema 'clean the light' na 'the light attracts the fish' kwa neno hilohilo moja. Kireno kinatenganisha kama kijana yule: 'limpe a lâmpada' kwa kile kinachofutwa, 'a luz atrai o peixe' kwa kile kinachovuta samaki.

Ila Kiswahili nacho kina mahali kinapolegea. Sisi tukisema taa tumemaliza. Kireno kinataka kujua taa gani. 'Lâmpada' ni ile ya umeme au betri. 'Candeeiro' ni ya kuweka au kutundika, na 'candeeiro a petróleo' ndiyo ya mafuta. 'Lanterna' ni tochi. 'Farol' ni mnara wa taa wa kuongozea meli, au taa kubwa ya mbele ya gari. Taa za chombo zenyewe, nyekundu upande wa kushoto na kijani kulia, ni 'luzes de navegação', na hapo huwezi kuweka 'lâmpadas' ukaeleweka vizuri. Karabai tumeipa 'petromax', kwa sababu jina hilo la kampuni limekuwa jina la kawaida la taa hiyo kwa Wareno, na Metangula wamelipokea bila kusita.

Kwenye mafuta tumefurahi wote wawili. Programu iliandika 'querosene', neno la Brazil. Msumbiji mafuta haya yanauzwa kwa jina la 'petróleo de iluminação', na ukilifungua jina hilo unapata mafuta ya taa yetu, neno kwa neno.

Kuwasha pia kumeleta mjadala. Kwa Kiswahili unawasha karabai, unawasha taa ya betri, unawasha injini, na kuzima ni kuzima tu. Kireno kina 'acender' kwa kitu cha moto na pia kwa taa, halafu kina 'ligar' kwa kitu chenye swichi. Kwa karabai lazima iwe 'acender'. Kwa taa ya betri zote mbili zinaeleweka, lakini tumechagua 'ligar', na kuzima kwake 'desligar', ili anayesoma ajue papo hapo kwamba hapa hapatafutwi kiberiti. Karibu na petroli ya injini tofauti hiyo si ya mapambo.

Februari, giza bado. Wavu na mtumbwi

Leo nimekaa na mzee mmoja wa hapohapo Igombe, amevua tangu enzi za karabai tupu. Nilimsalimu, "Shikamoo baba," akaitikia, akanisogezea gunia nikae. Nilimsomea kwa Kiswahili sentensi iliyotukwamisha: usiku ziwa likiwa shwari, tumia 'light net'. Je, ni wavu mwepesi au wavu wa taa?

Hakufikiri sana. "Mwanangu, wavu wa dagaa wote ni wa taa. Mtu akikuambia utumie wavu wa taa usiku wa shwari, hajakuambia kitu. Huyo anasema wavu mwepesi." Kisha akanionyesha mbili: mmoja wa uzi mzito unaoshuka haraka hata kukiwa na mkondo, na mwingine wa uzi mwembamba, unaoshuka polepole bila kuwashtua samaki. Akaniwekea wote mkononi nipime.

Programu ilikuwa imeandika 'rede de luz', wavu wa mwanga. Ningeweza kuandika 'rede leve' nikawa sahihi. Nimeandika 'rede de fio fino', wavu wa uzi mwembamba, kwa sababu mvuvi akienda dukani ndicho atakachouliza, na ndicho kinachoufanya wavu uwe mwepesi.

Mtumbwi umekwenda kinyume chake. 'Light boat' nayo nilidhani itakuwa wepesi, lakini mchoro wa kitabu unaonyesha mitumbwi miwili: mmoja umebeba wavu, mwingine umebeba taa na unatangulia kukusanya dagaa. Huo wa pili ndio 'light boat'. Kireno chake ni 'a canoa das luzes', mtumbwi wa taa. Kurasa chache mbele, kwenye sehemu ya kuvuta mtumbwi hadi mchangani, 'light boat' ni mtumbwi mwepesi kweli, 'canoa leve'. Maneno mawili yaleyale, kitabu kilekile. Hakuna kamusi inayokutoa hapo. Kinachokutoa ni kujua nani yuko wapi, ameshika nini, anataka kufanya nini.

Machi, mbalamwezi

Wavuvi wamepumzika. Mwezi ukiwa mkubwa maji yote yanang'aa, taa inapoteza nguvu ya kuwakusanya dagaa sehemu moja, na watu wanashona nyavu. Nami nimekaa mezani na sehemu ya ratiba, ambayo yote inahusu mwezi na mapambazuko.

'Moonlight' imenipa raha ya pekee. Sisi tuna neno moja zima, mbalamwezi. Kireno nacho kina neno moja zima, 'luar'. Programu ilikuwa imeandika 'luz da lua', mwanga wa mwezi, ambayo si kosa, lakini ni kama kumwambia mvuvi 'mwanga utokao kwenye mwezi' wakati yeye ana neno lake kinywani. Sasa ukurasa unasema: 'Nas noites de luar pesca-se pouco.' Usiku wa mbalamwezi uvuvi ni haba. Mwenzangu anasema wavuvi walitikisa vichwa kukubali kabla hajamaliza kusoma.

'First light' na 'last light' hazina taa yoyote ndani yake. Ya kwanza ni kupambazuka, ya pili ni ule mwanga wa mwisho jua likishazama. Kireno kina kitenzi kinacholingana na kupambazuka kwetu, 'clarear', siku kuwa nyeupe. Kwa hiyo 'kusanya wavu kabla hakujapambazuka' imekuwa 'recolha a rede antes de clarear o dia'. Kwa jioni tumeweka 'antes de escurecer', kabla giza halijaingia. Kiingereza kimehesabu mwanga uliobaki, Kireno kimehesabu giza linalokuja, na Kiswahili cha mwaloni pia kinahesabu giza.

Kuna alama moja ndogo imenichukua jioni nzima, na sijutii. Kitabu kinasema taa nzuri hutoa mwanga usiku kucha. Kireno cha moja kwa moja kingekuwa 'dá luz toda a noite', inatoa mwanga. Rasimu iliandika 'dá à luz toda a noite'. Ile 'à' yenye kimstari juu yake imebadilisha kila kitu: 'dar à luz' kwa Kireno ni kujifungua, kumleta mtoto kwenye mwanga wa dunia. Ni usemi mzuri sana, na mkunga yeyote wa Msumbiji anautumia. Taa ya kuvulia ikijifungua usiku kucha, msomaji atacheka, atafunga kitabu, na hataamini kurasa za usalama zilizo nyuma. Nimeikwepa hatari yenyewe: 'A lâmpada deve iluminar a água até de madrugada.' Taa iangaze maji mpaka usiku wa manane upite. Hakuna 'dar' humo, na mchapaji hawezi kuongeza kimstari akaharibu.

Jambo jingine la herufi: makubaliano ya tahajia ya Kireno ya mwaka 1990 Msumbiji haijayaridhia, na watu bado huandika 'atracção' na 'eléctrico' wakiweka ile 'c' ambayo Brazil haiandikwi. Nasi tunaiweka. Mvuvi aone maneno kama anavyoyaona kwenye bili ya umeme na kwenye daftari la mtoto wake.

Machi. Kirumba, Mwaloni

Sehemu ya kukausha ina sentensi inayosema dagaa waanikwe hadi wawe 'light'. Mwenzangu aliuliza: weupe au wepesi? Kwa Kireno ni 'claros' au 'leves', na kila moja inampeleka mwanikaji upande wake.

Nilikwenda soko la Mwaloni kuuliza wanaojua. Pale magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, na wanunuzi wanatoka mbali, hadi Kongo. Mama mmoja anayenunua kwa jumla alinionyesha anavyopima: anatia mkono katikati ya gunia, si juu, anachota kiganja, anakikunja kidogo karibu na sikio. "Sikiliza, wakilia hivi wamekauka. Halafu mkononi huwasikii, wepesi kama hakuna kitu." Akanipa kiganja cha gunia la jirani, lililonyeshewa likiwa bado mchangani. Hawa hawakulia. Walikuwa wazito kidogo na rangi imegeuka ya kutu.

Basi, weupe hauwezi kuwa kipimo. Dagaa aliyekaushwa vizuri juu ya chanja hubaki na fedha yake. Kipimo ni uzito na sauti: 'leves e estaladiços', wepesi na wanaolia wakivunjika. Nimeongeza na sentensi ya yule mama, kwamba uchote katikati ya gunia, kwa sababu kitabu cha Kiingereza hakikuwa nayo na inafaa. Rangi tumeitaja kando: 'prateado claro', fedha isiyokolea. Hapo 'claro' imepata mahali pake halali.

Mengine ya sehemu hii yamekwenda haraka. Chumvi 'light' ni chumvi kidogo, 'pouco sal', hatukutafuta makuu. Mvua 'light' ni manyunyu, 'chuvisco'. Upepo 'light' ni 'vento fraco', upepo dhaifu; 'vento leve' ungeeleweka lakini si wao wanavyosema. Kipimo cha chumvi nusura kitupoteze, ingawa si kwa 'light': kopo letu limetokana na 'copo' ya Kireno, ila kwao 'copo' ni bilauri ya kunywea na mkebe ni 'lata'. Ukurasa sasa unasema 'lata', na mchoro wa mkebe uko pembeni.

Aprili, mvua kubwa. Ukurasa wa dhoruba

Ukurasa huu nimeuacha mpaka nipate utulivu. Ziwa Victoria linajulikana kwa dhoruba za usiku. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Hewa ya nchi kavu iliyopoa husukumwa kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, ambako maji bado yana joto, inakutana na kupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka saa zilezile ambazo mvuvi wa dagaa yuko nje na taa zake. Kila mwalo wa huku una familia inayojua maana ya hayo. Kwa hiyo neno moja hapa si suala la mtindo.

Kiingereza cha kitabu kinasema ukiona 'lighting' upeo wa macho, rudi nchi kavu. 'Lighting' ni uwekaji wa taa. Aliyeandika alikusudia 'lightning', herufi 'n' moja ikaanguka wakati wa kuchapa. Programu ilitafsiri ilichokiona: 'se vir iluminação no horizonte', ukiona mwanga wa taa kwenye upeo. Usiku wa giza, ziwani, kila mvuvi anaona taa za wenzake kwenye upeo. Angerudi nyumbani kila siku, au, kilicho hakika zaidi, angeacha kuusoma ukurasa huo.

Hapa ndipo Kiswahili kilipotulipa kazi yote ya pembeni. Sisi tuna umeme unaomulika, radi inayopiga, na ngurumo inayosikika. Kireno kina vitatu hivyohivyo, kila kimoja na neno lake: 'relâmpago', 'raio', 'trovão'. Niliandika sentensi kwa Kiswahili, umeme ukimulika mbali rudi, usingoje ngurumo, na Kireno kikaja kimenyooka: 'Se vir relâmpagos ao longe, volte para terra. Não espere pelo trovão.' Metangula hawakunyamaza. Mmoja wao alisimulia usiku ambao walingoja.

Sentensi inayofuata ndiyo iliyonifanya niamini kwamba mradi huu una haki ya kuchukua muda wote unaouhitaji. Kiingereza: dhoruba ikikukuta, 'lighten the boat at once'. Maana yake ni kupunguza mzigo, kutupa magunia majini ili mtumbwi uinuke. Rasimu ya Kireno: 'Ilumine o barco imediatamente.' Angaza mtumbwi mara moja.

Nimeisoma mara nyingi. Ni Kireno safi, hakina kosa la sarufi, herufi zote ziko mahali pake. Mhariri anayejua Kireno tu, asiyeiona ile ya Kiingereza, angeipitisha, na huenda hata angeiona ni busara, kwamba mtu awashe taa ili aonekane. Na mvuvi, maji yakiingia, angeinama kutafuta swichi huku magunia yakiendelea kuudidimiza mtumbwi.

Kireno kina 'aliviar', kupunguza uzito, na asili yake ni ileile 'levis' ya Kilatini. Niliandika 'alivie a canoa'. Mwenzangu aliisoma kwao, akanipigia simu badala ya kutuma ujumbe. "Mano (kaka), wamenyamaza." Wengi wanalijua 'aliviar' kwa maumivu, dawa inayotuliza, na 'aliviar-se' ni kwenda kujisaidia. Hakuna aliyeona magunia. Tulizungumza mpaka salio likaisha, akapiga tena. Aliwauliza wavuvi wenyewe wangempigia kelele gani mwenzao kwenye dhoruba, na jibu lao ndilo liko ukurasani kwa herufi nene: 'Tire peso da canoa, já! Atire a carga à água.' Ondoa uzito mtumbwini, sasa hivi! Tupa mzigo majini.

Nikairudisha Igombe kwa Kiswahili, kwa yule mzee. Akaongeza kitu kimoja: kwanza vaeni jaketi okozi, ndipo mtupe, kwa sababu ukiinama kutupa gunia na mtumbwi unayumba unaweza kufuata gunia. Nimeiweka juu ya sentensi ile, si chini yake: 'Primeiro, vista o colete salva-vidas.'

Mei, giza jipya

Tunafunga 'light'. Kilichobaki kilikuwa 'lighter', ambayo kwa Kiingereza inaweza kuwa kiberiti cha gesi, inaweza kuwa tishari la kupakulia shehena ya meli, na inaweza kuwa nyepesi zaidi au isiyokolea zaidi. Kireno kinavipa vinne vyote majina yake: 'isqueiro', 'batelão', 'mais leve', 'mais claro'. Katika kitabu chetu imo mara chache tu. Tishari halimo. Kiberiti kimo, na agizo lake ni kwamba kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mfukoni mwa nahodha.

Tumetengeneza pia orodha ya ndani ya mradi, ya matumizi yetu wenyewe: kila matumizi ya 'light', Kiswahili chake cha mwaloni, Kireno kilichokubaliwa Metangula, na alama kama bado kuna ubishi. Ubishi uliobaki ni mmoja, kati ya 'ligar' na 'acender' kwa taa ya betri. Wazee wa kule wanasema 'acender' kwa taa zote na hawaoni shida, vijana wanasema 'ligar'. Nimeacha 'ligar' kwenye maelekezo, na 'acender' kwenye mahojiano na wazee kama walivyotamka.

Kuna anayeniuliza kwa nini tusiitume tu rasimu ya programu na kusahihisha yatakayolalamikiwa. Jibu langu ni ukurasa wa dhoruba. Anayepatwa na madhara ya sentensi ile hatarudi kulalamika.

Kurasa za taa, ratiba na kukausha zimekwenda kwa mchoraji. Ukurasa wa dhoruba unasubiri mchoro mpya, kwa sababu wa kwanza ulimwonyesha mtu akitupa gunia akiwa amesimama wima, na Metangula wameomba achorwe amepiga magoti.

Kuanzia wiki ijayo ni 'set', ambayo katika toleo la mwaka 1989 la kamusi kubwa ya Oxford ilikuwa na maelezo marefu kuliko neno lolote lingine. Ukurasa wa kwanza tu ina kazi tatu: kutega wavu, machweo, na seti ya betri. Nimeshaandika Kiswahili chake pembeni na mwenzangu amepata 'lançar', 'pôr do sol' na 'conjunto'. Ya kwanza ina walakini, maana kutega na kutupa wavu kwa Wanyanja si kitendo kimoja, na ameahidi kuwauliza Jumamosi wakirudi kutoka majini.